Wimbo ni wa Nani? Safari ya Muziki Wetu kutoka Santuri hadi Simu ya Mkononi



Hapa Kerende, na katika vijiji jirani vinavyouzunguka mgodi, wimbo mpya wa kwaya hauhitaji tena redio ili ufike mbali. Ukiimbwa Dominika asubuhi, jioni yake umekwisha kuingia katika simu za watu, na kabla ya Dominika nyingine utausikia kwenye bodaboda, katika saluni na penye vibanda vya chipsi. Ukimwuliza anayeusikiliza ni nani aliyeutunga, atakutajia jina la kwaya. Ukimwuliza ni nani anayelipwa unapochezwa, atacheka. Swali hilo la pili ndilo ninalotaka tulitazame wiki hii kwa njia ya historia, kwa kuwa halikuzaliwa na simu. Lina umri wa karibu miaka 100 katika Afrika Mashariki, na mara nyingi chombo kipya kilipoingia lilijibiwa kwa namna ile ile: mwenye mashine alilipwa kwanza, na mwimbaji akabaki na sifa.

Wazee wetu Wakurya hawakuwa na sababu ya kuliuliza. Mpiga litungu, ile ala kubwa ya nyuzi 8 ambayo sauti yake nzito huisikia hata aliye ng'ambo ya kijito, alikuwapo mwenyewe mahali wimbo ulipokuwa. Aliyetaka kuusikia alimwalika nyumbani, akamkalisha, akamkirimu. Wimbo na mwimbaji havikuweza kutenganishwa. Mashine ya kunasa sauti ndiyo iliyovitenganisha, na ikafanya iwezekane kwa mara ya kwanza mtu akiwa Mombasa kusikiliza sauti ya mtu aliyelala usingizi Unguja.

Kwa upande wetu wa dunia, jina la kukumbukwa hapo ni Siti binti Saad. Mwanamke huyu wa Fumba, Unguja, aliyeanza maisha kwa kufinyanga na kuuza vyungu, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, mwaka 1928, na huko kampuni ya His Master's Voice ikainasa taarabu yao ya Kiswahili katika santuri. Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu katika muda wa miaka michache. Watu waliokuwa hawajapata kuwa na gramafoni waliinunua kwa ajili yake. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akaandika wasifu wake. Lakini bei ya santuri, idadi ya nakala na njia za kuziuza viliamuliwa na kampuni, wala haikuwapo ofisi yoyote Zanzibar ambako mwimbaji angeweza kwenda kuuliza hesabu. Siti alifariki mwaka 1950 akiwa na jina ambalo hadi leo halijafutika. Mali haikulingana na jina hilo.

Santuri ilibadilisha hata umbo la wimbo, jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulichukua kama dakika 3 tu. Wimbo wa taarabu uliozoea kwenda taratibu usiku kucha, msikilizaji akiinuka kutunza na mwimbaji akirudia ubeti kwa sababu umependwa, ulilazimika kukatwa uenee. Baadaye bendi zetu za dansi ziligawa wimbo mmoja pande mbili za santuri, upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa na kucheza. Tutaona kwamba simu nayo inao mkasi wake.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Lilikuwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani. Papa Pius wa 10 alitoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu tarehe 22 Novemba 1903, na miezi michache tu baadaye, Aprili 1904, kwenye kongamano la nyimbo za Kigregori mjini Roma, mafundi wa kampuni ya Gramophone waliruhusiwa kunasa sauti za waimbaji. Hata hivyo mlango haukuachwa wazi kabisa. Maelekezo ya Idara ya Ibada Takatifu ya tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza kabisa gramafoni, redio na vinasa sauti kutumika ndani ya ibada mahali pa waimbaji, yakaruhusu vitumike nje ya ibada, kwa mfano kuwafundisha waamini nyimbo. Ninawaomba viongozi wa kwaya zetu wanaokuja kanisani na flashi yenye mdundo uliokwisha kutengenezwa, kisha wakaimba juu yake, wayasome tena maelekezo hayo bila haraka. Walioyaandika hawakuijua flashi, lakini tabia yake waliifahamu.

Na ni mwaka huohuo wa 1958 uliotupatia tukio ambalo kila mwanakwaya Mkatoliki wa eneo hili la Afrika angepaswa kulijua. Katika mji wa Kamina, Katanga, nchini Kongo, ambako Kiswahili husikika sokoni na mitaani, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alikuwa amekusanya kwaya ya shule: watoto wapatao 45 wa umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wao wapatao 15. Aliwakataza kuiga tu nyimbo za Ulaya. Wakachukua maneno ya Misa ya Kilatini na kuyaweka juu ya namna za kuimba za Waluba na majirani zao, ngoma zikiwa chini yake, na sehemu kubwa ilizaliwa papo hapo katika kuimba pamoja, mmoja akianzisha na wengine wakimjibu. Misa hiyo ikaitwa Missa Luba. Mwaka 1958 kwaya ikapelekwa Ubelgiji kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikatoa santuri yake.

Santuri hiyo ilizunguka dunia. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, mkurugenzi wa filamu Mwingereza, Lindsay Anderson, aliitumia "Sanctus" yake katika filamu iitwayo If...., na mwaka 1969 wimbo huo, ulioimbwa na watoto wa shule ya misioni, ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza. Ni heshima kubwa. Ni vema pia tuangalie jina lililoshika nafasi ya mtungaji au mpangaji wa muziki: ni la padre. Simshutumu mtawa huyo, maana bila yeye pengine kusingekuwa na santuri wala kwaya. Ninasema tu kwamba wimbo uliotungwa na wengi katika kuimba uliingia katika daftari la biashara lenye nafasi ya jina moja, na daftari likaandika jina la aliyejua kujaza fomu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa mataifa kama yetu upewe heshima na nafasi inayostahili katika ibada. Namna ya kuyaandika majina ya wenye muziki huo haikuelezwa, na pengine haikuwa kazi ya Mtaguso.

Tanzania baada ya uhuru ilichagua njia yake. Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikawa ndiyo studio, mhifadhi na msambazaji wa muziki wa taifa kwa wakati mmoja. Bendi zilirekodi hapo kwenye kanda kubwa, wimbo ukapigwa nchi nzima, na kwaya za makanisa zikapata nafasi yake. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Aliyetaka kazi yake iuzwe alikwenda Nairobi, na wengi walikwenda. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye hadi leo hakuna harusi ya wazee isiyomkumbuka, alirekodi huko, naye alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Wakati huo mpaka kati ya nchi zetu mbili ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sisi tunaoishi karibu na Sirari hatuhitaji kuelezwa maana yake: watu wa ukoo mmoja pande zote mbili, na katikati kizuizi. Santuri zilipungua madukani, na redio ikabaki karibu peke yake. Msikilizaji alipata muziki bure, mwanamuziki akapata umaarufu, na neno mrabaha halikujulikana kwa wengi.

Ndipo ikaja kaseti. Ni kampuni ileile ya Philips iliyoileta duniani mwaka 1963, ila kwetu ilitawala hasa miaka ya 1980 na 1990. Kaseti ilikuwa ukombozi kwa kwaya. Ilikuwa rahisi, ilivumilia vumbi, na ilichukua dakika 60 au 90, hivyo albamu nzima ya Misa ilienea. Studio zilianza kujengwa nje ya redio ya serikali, ikiwemo ya Wasalesiani wa Don Bosco jijini Dar es Salaam. Radio Maria ilipoanza Songea mwaka 1996, kwaya za parokia za mbali zilipata mahali pa kusikika. Lakini kaseti ilikuwa na kasoro iliyofungamana na uzuri wake: mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili alikuwa ameweka kiwanda sebuleni. Mfanyabiashara wa mjini alinunua nakala moja halali akatoa maelfu. Waliokuwa na mkataba nao hawakuwa salama, kwa kuwa wengi waliuza kazi zao kwa malipo ya mara moja, bila kujua kwamba walikuwa wanauza na kesho yake.

Sheria ilikuwapo tangu mwaka 1966, lakini ilikuwa dhaifu. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 1994, na mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyozaa COSOTA. Kwa sheria hiyo, haki ya mtunzi humlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwaka huohuo wa 1999, huko Marekani, ilianza Napster, programu iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo kwa intaneti bila kulipa. Mahakama iliizima mwaka 2001, lakini watu walikwisha kuonja. Hivyo sheria yetu iliyotungwa kupambana na kaseti ilizaliwa siku moja, kwa namna ya kusema, na jambo litakaloifanya kaseti isiwe na maana. Stika za kodi zilizowekwa kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013 zilifika wakati watu wameanza kuacha kununua kitu cha kubandikwa stika. Kijana alikuwa anakwenda na kadi yake ya simu kwenye kibanda chenye kompyuta, analipa fedha kidogo, anaingiziwa nyimbo mia. Mwenye kibanda alilipwa. Mwenye wimbo hakujulikana.

Kati ya hapo kulikuwa na miaka michache ya miito ya simu, ambapo mteja alikatwa fedha ili anayempigia asikie wimbo badala ya mlio. Iliwapatia wengine kipato kizuri, na manung'uniko mengi juu ya mgawanyo. Nayo imepita.

Leo tuko katika zama za majukwaa ya muziki mtandaoni. Boomplay ilianza mwaka 2015 Nigeria, ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno, na kwa njia hiyo iliingia hata mifukoni mwa watu ambao hawakuitafuta. Mdundo ilianzia Nairobi. Spotify ilifunguliwa kwa Tanzania Februari 2021, na YouTube, iliyoanza mwaka 2005, ndiyo inayotumiwa zaidi na kwaya. Duniani kote, kwa takwimu za shirikisho la kimataifa la kampuni za santuri, mapato ya muziki uliorekodiwa mwaka 2024 yalikuwa dola za Marekani bilioni 29.6, na asilimia 69 ya fedha hizo zilitokana na usikilizaji wa mtandaoni. Mtu akisoma tarakimu hizo, ataelewa ni kwa nini mwalimu wa kwaya anakuja na bajeti ya video.

Basi tuangalie fedha hizo hugawanywaje. Katika jukwaa kama Spotify hakuna bei ya wimbo. Malipo ya wateja na matangazo huwekwa katika chungu kimoja, karibu theluthi mbili hutengwa kwa wenye haki, kisha hugawanywa kulingana na mara ambazo kila wimbo umesikilizwa kati ya zote. Mwenye mabilioni ya wasikilizaji huchota kwa ndoo, mdogo kwa kijiko. Na tangu mwaka 2024, wimbo ambao haukufikisha mara 1,000 katika miezi 12 hauhesabiwi katika mgao huo kabisa. Tuseme kwaya ya kigango chetu imeweka wimbo, na watu 900 wameusikiliza mwaka mzima, jambo ambalo kwa kigango ni baraka kubwa. Watapata sifuri. YouTube nayo ina kizingiti chake kabla ya kugawana matangazo ya biashara na mwenye chaneli. Zaidi ya hayo, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30, ndiyo maana watunzi wa mjini wamefupisha vianzio vya kinanda, ili kiitikio kiwahi. Huo ndio mkasi niliousema.

Hata hivyo sitaki mnielewe kwamba mambo ni mabaya kuliko wakati wa Siti. Kuna kitu kimoja kipya: jukwaa linahesabu. Kwa mara ya kwanza tangu 1928, mwimbaji anaweza kufungua simu na kuona wimbo wake umesikilizwa mara ngapi na katika nchi gani. Lakini hesabu hiyo huonwa na yule tu ambaye akaunti ina jina lake. Na hapa ndipo kwaya nyingi za vijijini zinapotea.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Kwaya inachangisha, jumuiya zinachanga, mama anauza kuku wake ili mtoto wake aonekane katika video akiwa na sare mpya. Fundi wa studio anarekodi, anapiga picha, kisha anafungua chaneli kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu hakuna mwanakwaya aliyeleta ya kwaya. Miaka 2 baadaye mwalimu amehama, fundi amebadili namba, na neno la siri halipo. Kwaya haiwezi hata kuondoa picha ya mtu aliyefariki ambaye ndugu zake wanaomba aondolewe. Kisheria mambo mawili yamechanganywa: haki ya aliyetunga wimbo, na haki ya aliyegharimia kuurekodi. Ni haki mbili tofauti. Kwaya ikirekodi wimbo wa mtunzi wa jimbo lingine, haimiliki wimbo, inamiliki rekodi yake tu. YouTube ina mtambo ulioanza mwaka 2007 ambao hutambua sauti zilizosajiliwa. Aliyesajili kwanza ndiye anayeaminiwa kwanza, hata kama siye mtunzi, na mtunzi atabaki kuandika malalamiko kwa Kiingereza.

Watunzi wetu wengi ni walimu wa shule na makatekista walioandika nota zao kwa mkono. Nota hizo zilisafiri kwa fotokopi kutoka parokia hadi parokia, na katika fotokopi ya tano au ya sita pembe ya juu ya karatasi, palipo na jina, ilikuwa imekwisha kufifia. Tovuti ya Swahili Music Notes, ambako nota za nyimbo za Kanisa huwekwa pamoja na jina la mtunzi na mtu huzichukua bila malipo, imefanya kazi ambayo ofisi nyingi hazikuifanya. Haimtajirishi mtunzi. Inamtaja, na kwa wimbo wa Kanisa ninaamini hilo ni deni letu la kwanza kabla ya shilingi. Mbele ya altare wimbo hauuzwi, na Mtaguso unataka taifa lote la Mungu liuimbe. Lakini wimbo uliotolewa bure kwa ajili ya ibada haujatolewa bure kwa ajili ya tangazo la biashara la mtu mwingine.

Ninayemhurumia zaidi ni mzee wa litungu. Kijana mwenye simu nzuri humrekodi kwenye sherehe, kisha anaupandisha wimbo mtandaoni kwa jina la "ngoma ya Kikurya" na hakuna zaidi. Watazamaji ni maelfu, wengine Wakurya walioko Ulaya na Marekani ambao huandika chini yake kwamba wamelia. Mzee hajui kwamba wapo. Sheria ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, na mwaka 2023 nchi yetu iliweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vinavyoweza kunakili kazi za sanaa, ili sehemu yake iwafikie wenye kazi. Ila fedha ya namna hiyo hugawanywa kwa walioandikishwa. Mzee asiyeandikwa popote atapitwa nayo, kama watoto wa Kamina walivyopitwa.

Kwa sababu hiyo, nimekubaliana na viongozi wa kwaya na Halmashauri ya Walei kwamba kuanzia mwezi ujao hakuna wimbo utakaorekodiwa kwa jina la parokia au kigango kabla ya kuandikwa katika daftari: jina la mtunzi, waliouimba, fundi aliyeurekodi na aliyepatana naye nini, na barua pepe ya kwaya ambayo neno lake la siri litatunzwa na watu watatu. Wazee wapiga ala wanaotaka nyimbo zao ziandikwe wanakaribishwa pia, hata wasio Wakatoliki. Katibu wa parokia atakuwapo ofisini kila Jumatano na Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi, na asiyejua kuandika ataandikiwa.